Kiti Kina Mtu

Kuna mambo ya nyumbani ambayo mke humwambia mumewe kwa sauti ya chini, wakiwa wawili, mlango umerudishwa. Mke wa Taratibu alikuwa ameyamaliza yote kwa kuyapigia kelele.

"Gesi imekwisha!" Alikuwa ameinama ukingoni mwa shimo, mkono mmoja umeshika nguzo ya uzio wa mabati, mwingine unazuia gauni lisipeperuke.

Kutoka chini mumewe aliinua uso. "Nini?"

"Gesi! Imekwisha! Na mama yako tangu juzi hajaenda chooni!"

"Mpe papai lililoiva sana, mama," fundi pikipiki alisema kutoka ng'ambo ya uzio, bila kuinua macho kwenye mnyororo aliokuwa akiupaka grisi. Wateja wake wakacheka. Mke wa Taratibu aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, akageuka aondoke zake. Lakini alipopenya kwenye pengo la mabati akitoka nje, fundi yule yule alikuwa amesimama na mtungi mdogo wa gesi mkononi.

"Huu ni wangu wa kuchemshia chai. Tumia, utarudisha mkijaza wenu. Na papai sikutania, mimi mwenyewe nina mama."

Ingekuwa simu inashika mtandao kule chini, mambo haya yasingefika barabarani. Lakini haikushika. Taratibu alikuwa na masikio yaliyochoshwa na injini za miaka mingi, kwa hiyo kila habari ilibidi isemwe mara mbili, na mara ya pili mtaa mzima ulikuwa umekaa tayari kuisikiliza.

Shimo lenyewe lilikuwa la msingi wa jengo la ghorofa. Lingeweza kumeza nyumba ya kawaida pamoja na paa lake, na kando zake zilisimama wima kama kuta za kisima. Katikati yake lilikaa katapila la kuchimbia, njano iliyopauka, lenye mkono mrefu na ndoo ya chuma yenye meno, na minyororo mipana badala ya magurudumu. Ndani ya katapila alikaa Taratibu. Yeye alipanda na kushuka kwa ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani. Katapila halipandi ngazi.

Mashimo ya namna hii huchimbwa hivi: katapila huteremka kwa njia ya udongo iliyoachwa upande mmoja, likachimba hadi mwisho, na siku ya mwisho likageuka na kuila njia ile ile liliyoteremkia, likiupakia udongo wake kwenye malori yaliyosimama juu barabarani. Halafu kreni huja, ikalifunga minyororo, ikalitoa kama ndoo kisimani. Mtu aliyemfundisha Taratibu kazi, marehemu sasa, alimkataza kitu kimoja kuliko vyote: asiiguse njia mpaka aione kreni kwa macho yake, imesimama, imekunjua miguu. Taratibu aliishika sheria hiyo tangu ujana. Hata jina alilipata hivyo. Vijana wa mitambo walisema ndoo yake hushuka kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Siku moja tu aliharakisha, na aliharakisha kwa huruma. Msimamizi wa ujenzi, kijana mpole ambaye mkewe alikuwa amejifungua wiki ile, alimfuata na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kreni inakuja kesho alfajiri, alisema, na inalipwa kwa saa. Ikifika ikaikuta njia bado ipo, atakayefukuzwa ni yeye. "Nisaidie, mzee wangu." Taratibu alimwangalia, akaona maziwa ya mtoto yamekaukia begani mwa shati lake. Akaila njia. Jua lilipozama kando zote nne zilikuwa wima.

Kreni haikuja. Mwenye jengo na mkandarasi waligombana asubuhi hiyo hiyo, kila mmoja akasema mwenzake ndiye wa kuilipa. Geti likafungwa kwa kufuli, wafanyakazi wakatawanyika, msimamizi naye hakuonekana tena. Tangu hapo shimo halikuwa na mwenyewe, ila Taratibu, aliyeshuka kila siku kulilinda katapila.

Mwenye katapila aliitwa Tajiri hata na watu wasiompenda. Yadi yake ilikuwa nje kidogo ya mji, mitambo imepangwa kama ng'ombe zizini, na ofisini kulikuwa na benchi la kungojea ambalo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Taratibu aliketi hapo, akijishikilia kwa visigino asiegemee upande, huku Tajiri akizungumza na muuza matairi habari za harusi ya mtu. Waliicheka harusi hiyo kwa kirefu. Taratibu alikuwa amemjua Tajiri tangu akivaa kaptura, enzi za baba yake, na wakati huo kijana alimwita "baba mdogo" na kuomba apakatwe kwenye kiti cha katapila. Siku hizi ilikuwa "Taratibu" kavu.

"Haya, Taratibu. Umenitolea mtambo wangu?"

"Bado, bosi. Nimekuja kwa ajili ya cheti changu."

Desturi ya yadi ile ilikuwa kwamba opereta akiajiriwa, cheti chake cha uendeshaji kinafungiwa kwenye kabati la Tajiri. Anayetaka kuacha kazi huurudisha mtambo yadini, kabati likafunguliwa. Hakuna aliyekuwa ameilalamikia sana desturi hiyo, maana siku zote mitambo ilirudi.

"Cheti cha nini?"

"Chuo cha mitambo wamenikubali kufundisha. Jumatatu ndiyo naanza. Wanataka kukiona chenyewe, si nakala. Nisipofika nacho, kuna mwingine nyuma yangu."

"Mwalimu!" Tajiri alimgeukia muuza matairi. "Umesikia? Kaliingiza katapila shimoni, sasa anakwenda kuwafundisha wengine."

Muuza matairi hakucheka. Alisogea pembeni, akampisha Taratibu sehemu ya benchi iliyokuwa imara.

"Bosi, kreni tu ndiyo itakayolitoa," Taratibu alisema.

"Ailipe nani? Mimi? Wao ndio waliosema wataileta."

"Basi malori machache ya udongo. Wanimwagie kutokea barabarani, nijitengenezee njia, nipande mwenyewe."

"Ninunue udongo nikautie kwenye shimo la mtu mwingine? Udongo si uko humo humo!" Tajiri alichukua kikombe akakiweka ukingoni mwa meza. "Upande wa barabara kuna lami na bomba, huko usiguse. Nyuma kuna ghorofa la watu wenye wanasheria. Lakini upande wa yule bibi wa chai ni udongo mtupu. Ukate, uulaze, upande. Kazi ya asubuhi moja."

"Juu yake pana nyumba."

"Pana vyumba viwili na kibaraza, na nyufa zilikuwepo. Mvua zikianza vitaanguka vyenyewe, na katapila langu litakuwa limezama, na chuo chako kimempata mwingine. Jumamosi, Taratibu. Ofisi zote zimefungwa, hakuna wa kuja kuuliza. Mtambo ukikanyaga barabara, nakupa cheti hapo hapo mkononi."

"Na nisipokata?"

"Atakata kijana wako Kidole. Si wewe uliyemfundisha? Yuko nyumbani hana kazi, na watoto wanalia."

Nyumbani kwa Taratibu shati jipya lenye kola lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, bado lina mikunjo ya dukani. Mkewe alikuwa amelinunua siku barua ya chuo ilipokuja. Alikuwa pia amewaambia mawifi zake, na mawifi wakawaambia wengine, na sasa kuna watu walioanza kumwita Mama Mwalimu, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza.

Jioni hiyo alimkandakanda mumewe mgongo kwa chupa ya maji moto. Mgongo ule ulikuwa umeharibika pale chini kabisa, panapokutana na kiti. Katapila hutikisika siku nzima kama mtu mwenye homa, na mtikisiko wote huishia mgongoni.

"Kwa hiyo ni Jumamosi," mkewe alisema.

"Ndiyo alivyosema."

"Na wewe umesemaje?"

"Sijasema."

Mama yake Taratibu, aliyekuwa ameketi kitandani akila papai kwa kijiko, aliuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Kula papai."

"Maana mnaongea kama msibani."

Mke aliiweka chini ile chupa ya maji. "Baba watoto, mimi simchukii yule mama. Chai yake nimeinywa. Lakini kila asubuhi nakuvalisha soksi. Unaona wewe ni jambo dogo, kwa sababu unatazama dari. Mimi ndiye ninayepiga magoti. Mwaka jana ulikuwa unavaa mwenyewe. Mwakani nitakuvalisha nini?"

"Najua."

"Hujui. Ukisimama mbele ya darasa na chaki, utapona. Daktari alisema uache kukalia ile mashine. Mungu ametufungulia mlango, na wewe unasimama mlangoni unaangalia nyuma."

"Nyumba yake itaanguka, mke wangu."

"Na usipokata wewe?" Alisema polepole, kwa maana alikuwa amelifikiria jambo hili akiosha vyombo, akalifikiria tena akianua nguo. "Atakata Kidole. Itaanguka kwa mkono wako au kwa mkono wa Kidole. Kwa yule mama tofauti iko wapi? Tofauti iko kwangu tu. Mimi nitabaki na mume asiyeweza kuinama na shati lisilovaliwa."

Taratibu alitafuta jibu. Akanyoosha mkono akazima redio iliyokuwa ikiimba chini chini, kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikimzuia kufikiri.

Ijumaa, kopo la rangi lililofungwa kamba liliteremka ukutani kama kila siku, likigonga gonga udongo.

"Mwanangu! Pokea!"

Bibi wa chai aliuza chai kibarazani kwake kwa wapita njia, na tangu kazi iliposimama alikuwa hamtozi Taratibu. Alisema mtu akikaa bure shimoni na yeye anywe bure. Kikombe kilikaa ndani ya kopo, kimezungushiwa kitambaa kisimwagike.

"Sukari nimepunguza," alisema kutoka juu. Kichwa chake kidogo kilichungulia, kimefungwa kitambaa cha bluu. "Unakaa tu humo. Ukinenepa ngazi itakushinda."

"Asante, mama."

"Umelala vizuri? Mimi sikulala. Udongo unadondoka, pu, halafu kimya, halafu pu. Nimehamishia kitanda upande wa barabara."

Taratibu alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kulisema kwa ustadi, lakini maneno ya ustadi hayakuja.

"Mama, kesho usikae humo ndani."

Kichwa kilitulia. Magari yalipita barabarani, moja, jingine.

"Ni wewe?"

"Nimeambiwa."

"Nimeuliza kama ni wewe."

Taratibu aliinamia kikombe. Bibi alikaa akimtazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu aliyewahi kumjua.

"Walipoanza kuchimba nilikwenda ofisini," alisema mwishowe. "Wakaniambia shimo lina kibali. Nikauliza, na mimi je? Wakaangalia angalia, wakasema mimi sina. Nimezaa watoto wangu wote katika chumba hicho."

"Nenda kwa mwanao kwa siku chache."

"Mwanangu ana chumba kimoja na watu watano." Akaanza kuvuta kamba. "Weka kikombe changu. Kirudi kizima."

Taratibu alikiweka, chai bado imo nusu, na kopo likapanda polepole mpaka likapotea.

Jumamosi asubuhi kopo halikuteremka.

Tajiri alifika mapema, amevaa viatu safi, akasimama mbali kidogo na ukingo. Kando yake alikuwa Kidole, mrefu, mwembamba, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliongoza mtambo kwa vidole viwili kama mtu anayechota chumvi. Kwenye kibaraza cha bibi wa chai vitu vilikuwa vikitoka: godoro, sufuria, viti vya wateja, picha ya ukutani iliyofungwa katika shuka. Fundi pikipiki alikuwa amefunga kibanda chake na alikuwa akibeba. Hakumtazama Taratibu hata mara moja.

Taratibu aliwasha injini. Aliiacha ipate moto, kama ilivyopasa, kisha akaligeuza katapila mpaka likatazamana na ukuta wa udongo. Mkono ukanyooka. Meno ya ndoo yakagusa.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani opereta huona kwa macho. Huona kwa viganja. Vijiti viwili vya kuongozea vilimwambia kwamba udongo ule ulikuwa mlaini, umelowa kwa maji ya kuoshea vyombo ya miaka mingi, na kwamba ukiguswa kidogo utakuja wote. Juu yake aliona mstari mmoja wa mawe ya msingi, mmoja tu, halafu ukingo wa sakafu ya saruji, halafu dirisha. Pazia lilikuwa bado limo. Labda bibi alilisahau. Labda hakutaka dirisha lake lionekane tupu.

Aliirudisha ndoo. Akaishusha mpaka ikalala chini shimoni, taratibu, bila mlio. Akazima injini.

"Nini tena?" Tajiri alipiga kelele. "Imeharibika?"

"Sikusikii!" Taratibu alijibu, na siku hiyo masikio yake yalikuwa yakisikia vizuri sana.

"Nakuuliza imeharibika?"

"Haijaharibika!"

"Basi kata!"

"Sikusikii!"

Huko kibarazani mtu alicheka, kisha akajikausha. Tajiri alimshika Kidole begani akamwelekeza kwenye ngazi. Kijana alishuka, akavuka shimo, akasimama chini ya mlango wa katapila na kofia mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mdogo ana kikohozi."

"Mpakeni mafuta kifuani, mumfunike vizuri."

"Ndiyo, mwalimu." Kidole alizungusha kofia. "Nimeambiwa nije nikae."

"Ukae wapi?"

"Hapo kitini."

"Kiti kina mtu."

Kidole alitazama juu, kwa Tajiri, kisha akaugeukia ukuta. Aliutazama kama anavyoutazama mtu wa kazi, kuanzia chini kupanda juu, mpaka kwenye mawe, mpaka kwenye pazia.

"Ufunguo ninao," alisema kwa sauti ndogo. Na ni kweli alikuwa nao, maana mitambo ya aina moja hufunguliwa na ufunguo mmoja, na kila opereta ana wake mfukoni. Kumficha mtu ufunguo wa katapila hakusaidii kitu. Kinachozuia ni kiti tu, kwa kuwa kiko kimoja.

"Najua unao."

"Amesema nikutoe."

"Nitoe basi."

Kisha Kidole aliona kamba ya kiatu cha mwalimu wake imefunguka, inaning'inia mlangoni mwa katapila. Alijua habari za mgongo ule. Akaiweka kofia kichwani, akaikamata kamba, akaifunga fundo mara mbili, akaikaza. Halafu akarudi kwenye ngazi.

"Kiti kina mtu," alimwambia Tajiri alipofika juu.

"Mtu gani! Mtoe!"

"Mtambo wenye mtu haupandwi, bosi. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Hutaki kazi?"

"Naitaka sana," Kidole alisema, na uso wake ulionyesha jinsi alivyoitaka. Akapenya kwenye mabati akaenda zake kwa miguu, maana alikuwa ameletwa kwa gari la Tajiri.

Tajiri alisogea ukingoni kwa mara ya kwanza. Udongo ukamomonyoka kidogo chini ya kiatu chake, akaruka nyuma.

"Kaa!" alipiga kelele. "Kaa humo mpaka uote ndevu za mbuzi! Na cheti chako kitakaa kabatini! Nitaleta mwingine, na mwingine! Kuna saa utashuka kwenda kukojoa, wewe mzee!"

Hilo Taratibu alilisikia mara moja tu, na alijua ni kweli.

Hakurudi nyumbani Jumamosi, wala Jumapili. Kuna mtu alitupa turubai kutoka kibanda cha fundi, lenye harufu ya petroli, na mtu mwingine akaacha chupa ya maji na mkate juu ya ngazi. Kopo la chai halikuonekana. Bibi alikuwa amerudisha godoro ndani, lakini viti vya wateja vilibaki nje barabarani, kana kwamba hakuamini bado.

Jumatatu asubuhi, saa ambayo darasani wangekuwa wakiita majina, mkewe alipenya kwenye uzio. Alikuwa amevaa suruali ya mumewe ndani ya gauni. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno, na yalikuwa maneno mazito, yenye shati ndani yake, na mawifi, na magoti yake mwenyewe. Fundi pikipiki alimwona anavyotembea, akazima injini aliyokuwa akiijaribu.

Lakini hakutaka kuyapigia kelele. Haya yalikuwa ya watu wawili. Basi akageuka, akaipa ngazi uso, akaanza kushuka, akitamka jina la Mungu kila kipandio.

"Shikilia pembeni!" Taratibu alisema. "Usitazame chini!"

"Sitazami chini, natazama wapi sasa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuingia humo. Chini kulikuwa na baridi na harufu ya udongo wa ndani, ule usioona jua. Alilifikia katapila, akapanda kwa kushika kila kilichoshikika, akakaa kwenye sanduku la vifaa kando ya kiti cha mumewe. Akafungua mdomo. Ndipo alipoinua macho.

Ukuta ulikuwa juu yao. Kutoka barabarani nyumba ya bibi ilikuwa nyumba kama nyumba nyingine. Kutoka hapa ilikuwa imekaa hewani. Mstari mmoja wa mawe, sakafu nyembamba kama kipande cha mkate, na chini yake udongo uliolowa unaosubiri. Pazia lilipepea. Nyuma ya pazia mtu alikuwa akifagia. Walisikia fagio, kwa, kwa, kwa, na kila lilipogusa sakafu, chembe chache za udongo zilidondoka.

"Hapo ndipo?" mke aliuliza.

"Ndipo."

Yale maneno mazito yalikuwa bado mdomoni, lakini hayakuwa na pa kwenda.

"Kwa juu haionekani hivi."

"Haionekani."

"Ungeniambia."

"Nilijaribu kukuambia. Sikujua jinsi ya kulisema."

Mkewe akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa soksi safi, akateremka mpaka kwenye mnyororo wa katapila. Akaanza kumvua mumewe viatu, akalikuta lile fundo la Kidole, akahangaika nalo.

"Nani amefunga hivi?"

"Kidole."

"Amekaza kama anafunga mzigo." Akamvalisha soksi moja, akaikunjua vizuri kisiginoni, kisha ya pili. "Wamepiga simu kutoka chuoni," alisema bila kuinua uso. "Nikawaambia huji leo. Wakauliza kesho? Nikasema na kesho."

"Wamesemaje?"

"Wamesema asante kwa kuwaarifu."

Alimaliza, akafuta viganja kwenye gauni. Juu, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande mmoja wa anga, lile pande dogo lenye pembe nne linaloonekana kutoka shimoni. Wote wawili waliyaona.

"Sogea," mke alisema.

"Nini?"

"Nimesema sogea. Shuka ukanyooshe mgongo, uende na huko unakotaka kwenda tangu asubuhi, nakuona unavyobana magoti. Nitakaa mimi."

"Huijui mashine, mama watoto."

"Kukaa nako kuna cheti?"

Taratibu alicheka, na kicheko kilimuuma mgongo. Alijiteremsha polepole, kiungo kwa kiungo, na mkewe akapanda akaketi. Kiti kilikuwa na shimo katikati lenye umbo la mumewe, akazama humo. Aliweka mikono yake magotini, mbali na vijiti, maana hakujua kipi hufanya nini.

Kopo la rangi likaanza kuteremka ukutani, likigonga gonga. Hakuna aliyeita "pokea". Taratibu aliliendea, akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na vikombe viwili, vimebanana visimwagike, na kimoja kilikuwa na sukari nyingi.

Alikuwa bado ameinama juu yake, mkono mmoja kiunoni, mabati yalipokwaruza kule juu. Mwanaume wasiyemjua alitokea kwenye pengo, kofia ngumu kichwani, buti za kazi miguuni, ufunguo ukizunguka kwenye kidole chake. Alichungulia shimoni, akatafuta ngazi kwa macho, akaiona.

Mke wa Taratibu alijivuta mbele kitini. Alijaza kifua pumzi, na kwa ile sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuizoea akapiga kelele:

"Kiti kina mtu!"